Nuru ya Jua na Mabaki ya Dawa katika Mto wa Lubumbashi

Wakazi wa Lubumbashi wanaujua vema mto uliolipa jiji lao jina. Huuvuka kila siku waendapo kazini na sokoni, na wengi wao hawautazami tena. Mto huo hupita karibu na ile dohani ndefu ya kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha takataka za madini, kisha hujiunga na Kafubu, nayo Kafubu huyapeleka maji yake mpaka Luapula. Katika mabonde ya jiji akina mama hulima lengalenga na kabichi, na wakati wa kiangazi huzinywesha bustani zao kwa maji ya vijito na visima vya karibu. Mboga hizo ndizo tunazozila pamoja na bukari jioni.

Leo twataka kusema juu ya kitu kilicho ndani ya maji ya miji ambacho jicho halikioni wala pua haikinusi, nacho ni mabaki ya dawa za kuua vijidudu, yaani antibiotiki.

Watu wengi hudhani kwamba kidonge kikishamezwa kimekwisha. Sivyo. Mgonjwa akinywa amoksisilini, katika muda wa saa 6 hadi 8 sehemu zipatazo 60 kwa 100 za dawa hiyo hutoka katika mkojo wake bila kubadilika. Amoksisilini yenyewe huvunjika upesi majini, basi si yenye kututisha zaidi. Lakini ziko nyingine, kama vile siprofloksasini na sulfametoksazoli, ambazo hudumu. Siprofloksasini hupenda kushikamana na matope, na huko chini, palipo giza, hukaa siku nyingi. Mtu aifikirie hospitali moja yenye vitanda mamia, kisha afikiri maji ya kufulia, ya kuogea na ya vyooni yaendako.

Kijidudu kinachokutana na dawa kidogo, isiyotosha kukiua, hupata nafasi ya kuizoea. Kikisha kuizoea chaweza kuwapa vijidudu vingine ujuzi huo, hata visivyo vya ukoo wake. Mwaka 2016 wataalamu waliopima matope ya mito ya Kinshasa inayopokea maji ya hospitali walitangaza kwamba wamekuta humo alama za urithi za ustahimilivu huo. Na mwaka 2019 ilitangazwa habari ya kijidudu cha jamii ya Salmonella kilichoonekana katika damu ya wagonjwa, mathalani huko Kisantu, chenye kustahimili karibu dawa zote zilizozoeleka kukitibu. Wagonjwa wengi wa namna hiyo ni watoto wadogo. Mama aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa, huku vidonge vya siku ya tatu vikiwa havijafanya kitu, hahitaji kuelezwa zaidi. Duniani kote, katika mwaka 2019 peke yake, watu wapatao milioni 1.27 walikufa kwa sababu dawa zilishindwa.

Je, maji yaweza kusafishwa? Njia mojawapo, iliyo mpya na nzuri kuifahamu, ni ile ya kutumia nuru.

Mwaka 1967, huko Tokyo, mwanafunzi aitwaye Akira Fujishima alitia majini kipande cha oksidi ya titani, akakimulikia taa kali, akaona povu likitoka. Nuru ilikuwa ikiyapasua maji. Yeye na mwalimu wake Kenichi Honda waliitangaza habari hiyo kwa ulimwengu mwaka 1972. Oksidi ya titani si kitu kigeni: ndiyo unga mweupe utiwao katika rangi za kuta na katika dawa nyingi za meno. Hata kwetu Afrika ya Mashariki mchanga wenye titani ulichimbwa Kwale, kusini ya Mombasa, tangu 2013 hadi 2024, ukasafirishwa ng'ambo.

Unga huo huitwa kichocheo, na kazi yake yafanana na ya mshenga. Mshenga huwakutanisha watu wa nyumba mbili, na arusi ikisha kufungwa yeye hurudi kwake vile vile alivyokuja. Nuru ikiupiga unga, chembe ndogo za umeme huruka kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo na chembe zilizoruka hugusana na maji na hewa iliyomo, na hapo huzaliwa vitu vikali mno vyenye uhai mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Vitu hivyo hushambulia chochote kilicho karibu. Dawa huvunjwa vipande, na vipande huvunjwa tena, mpaka yabaki maji, hewa ya kaboni na chumvi kidogo. Unga wenyewe haupungui. Huko Almería, katika Hispania, wataalamu wamekuwa kwa zaidi ya miaka 30 wakipitisha maji machafu katika mirija ya kioo iliyowekwa juu ya vioo vilivyopindwa, jua likiwa ndilo taa yao.

Msomaji atasema: Basi jua tunalo! Kweli tunalo, hasa tangu Mei hadi Septemba, wakati mbingu ya Katanga haina wingu. Lakini tusifanye haraka. Unga wa titani hutumia nuru ile ya urujuani isiyoonekana tu, nayo ni kama sehemu 5 kwa 100 za jua zima. Ndiyo sababu wachunguzi wanatafuta vichocheo vingine vinavyokubali nuru ya kawaida. Tena maji yakiwa na matope, nuru haipenyi, na zile nguvu kali hupotea bure zikishambulia uchafu mwingine. Kazi ikikomea njiani, vipande vya dawa vilivyobaki huenda vikawa na sumu yao wenyewe. Na unga nao sharti uzuiwe usitoke pamoja na maji, kwa mfano kwa kuugandisha juu ya kioo.

Kwa Lubumbashi liko neno jingine, ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko hayo yote. Nuru yaweza kuvunja dawa, lakini haiwezi kuvunja shaba wala kobalti. Madini hayaozi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Imejulikana pia kwamba vijidudu vinavyoishi katika matope yenye madini mara nyingi hubeba pamoja ustahimilivu wa madini na ustahimilivu wa dawa. Kwa hiyo mto wetu huwafunza vijidudu kwa mikono miwili, na mirija ya Almería yaweza kuukata mkono mmoja tu. Wako hata wataalamu wanaotumia kobalti yenyewe, pamoja na chumvi fulani kali, kuzivunja antibiotiki. Ni kazi ya akili nyingi, lakini kobalti ikivuja katika maji hayo, tutakuwa tumebadilishana sumu.

Basi mahali pa kichocheo cha nuru si mtoni. Mahali pake ni nyuma ya hospitali, baada ya shimo la kutulizia matope na chujio la mchanga, kabla maji hayajafika kwenye mfereji. Hapo maji ni machache, dawa ni nyingi, na fundi mmoja aweza kuitunza mirija na kuipangusa vumbi la kiangazi. Na nyumbani, vidonge vilivyobaki visitupwe chooni: virudishwe kwa mwuguzi au kwenye farmasi, wala visinunuliwe kwa wachuuzi wa njiani wanaoviuza viwili viwili kama peremende.

Naye mama auzaye lengalenga huko Kenya au Katuba, mboga zake azioshe kwa maji ya bomba au ya kisima kirefu, asizioshe katika kijito kile kile alichozinyweshea.