Bloomington: Mji Unaoishi kwa Kalenda ya Chuo

Mzazi wa kwetu akisikia kijana wake anakwenda kusoma Marekani, mawazo humpeleka New York au Chicago, kwenye maghorofa na treni za chini ya ardhi. Lakini vyuo vikuu vingi vikubwa vya nchi hiyo viko katika miji midogo iliyozungukwa na mashamba na misitu: Ann Arbor, Ithaca, Urbana. Mmoja wa miji hiyo ni Bloomington, kusini mwa jimbo la Indiana, kama kilomita 80 kutoka Indianapolis. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 79,168. Chuo Kikuu cha Indiana, kilichoanzishwa mwaka 1820, kina wanafunzi zaidi ya 40,000 mjini humo. Hesabu hizo mbili ukiziweka pamoja, utaona mara moja nani hasa mwenye mji.

Majengo ya chuo ni ya mawe ya chokaa yanayochimbwa jirani, mawe ya aina ile ile iliyovikwa jengo la Empire State huko New York. Mbele ya geti kuu inaanzia Kirkwood Avenue, barabara ya mikahawa na maduka ya vitabu. Pembeni yake, mtaa wa Nne umejaa migahawa ya Kithai, Kihindi, Kituruki na Kitibeti, mingi ikiwa ndani ya nyumba za zamani za kuishi. Watibeti kuwapo hapo si bahati tu: Thubten Jigme Norbu, kaka yake Dalai Lama, alikuwa profesa katika chuo hiki, na mwaka 1979 alianzisha kituo cha utamaduni wa Kitibeti mjini. Chuo kikubwa huvuta dunia hata kikiwa katikati ya mashamba ya mahindi.

Mji wenyewe huenda kwa kalenda ya masomo. Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti, na mikataba ya nyumba nyingi huisha na kuanza mwezi huo huo. Kwa hiyo katikati ya Agosti karibu kila mtu anahama. Makochi, meza, taa na vitanda hupangwa kando ya barabara, na mgeni aliyefika mapema hupata samani za chumba kizima bila kutoa hata senti. Mwenye busara hukagua kwanza mishono ya godoro, maana kunguni hawachagui nchi. Nyumba nzuri za mwaka unaofuata huanza kuchukuliwa miezi mingi kabla, wakati mgeni bado hajajua hata njia ya kwenda sokoni. Ikifika Mei, wanafunzi wengi huondoka na barabara zilizokuwa zikifurika hubaki nyeupe.

Baridi ni kali, lakini mtu huizoea. Kinachomchosha zaidi mtu wa ikweta ni jua. Desemba huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Juni halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Ramadhani ilipoangukia Juni, kama mwaka 2016, waliofunga walifuturu saa ambayo Mombasa watu huwa wamekwisha kuswali tarawehe. Chakula si tatizo kubwa. Sukuma wiki iko madukani, kwani ni mboga ya miaka mingi ya Wamarekani weusi, na maduka ya Kiasia na ya watu wa Meksiko huuza ndizi za kupika, nazi na muhogo. Mabasi ya mji huwabeba wanafunzi kwa kitambulisho tu. Dukani, mgeni ajue kwamba bei iliyobandikwa si bei kamili: bidhaa nyingi zisizo chakula huongezwa kodi ya asilimia 7 wakati wa kulipa.

Darasani ndiko kwenye mabadiliko makubwa. Siku ya kwanza mwalimu hugawa silabasi inayotaja kila usomaji, kila insha na kila tarehe ya mwisho hadi muhula uishe, na tarehe hizo hazingoji mtu. Katika semina za uzamili, kusoma kitabu kizima kwa wiki kwa somo moja ni jambo la kawaida. Sisi tuliolelewa kunyamaza mbele ya mkubwa tunapata taabu hapo, kwani anayenyamaza huhesabiwa kuwa hakusoma, na ushiriki wa mjadala una alama zake. Kumpinga profesa kwa hoja si utovu wa adabu. Kunakili maneno ya mtu bila kumtaja ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu chuo. Kila mwalimu ana saa za ofisi za kuonana na wanafunzi, na mwanafunzi anayezitumia hupata msaada ambao hatauona darasani.

Hazina kuu ya mji ni maktaba. Maktaba ya Herman B Wells, iliyofunguliwa mwaka 1969, ina minara miwili. Katika mnara wa utafiti, ukifuata alama za PL 8704, unafika kwenye rafu za fasihi ya Kiswahili, na mwanafunzi anajichukulia kitabu kwa mkono wake bila kuandika ombi. Si mbali na hapo kuna Maktaba ya Lilly, yenye mkusanyo wa kwanza wa tamthilia za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623, na mlango wake uko wazi hata kwa asiye mwanafunzi. Masomo ya Afrika yalianzishwa chuoni mwaka 1961 chini ya Gus Liebenow, aliyeandika kitabu juu ya Wamakonde wa Tanzania. Kiswahili hufundishwa hapo, na mpango wa Fulbright wa serikali ya Marekani umekuwa ukiwapeleka walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania kukifundisha katika vyuo vya Marekani.

Sasa tuseme juu ya fedha, maana ndizo zinazovunja safari nyingi. Karo ya shahada ya kwanza kwa asiye mkazi wa Indiana ni karibu dola 40,000 kwa mwaka, kabla ya chumba, chakula na bima ya afya. Mkazi wa jimbo hulipa chini ya theluthi ya hiyo. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya kuosha vyombo bwenini haiwezi kulipa karo hiyo, na anayemwambia mzazi kwamba kijana atajisomesha mwenyewe akifika anamdanganya.

Mlango wa mtoto asiye na mali ni uzamili na hasa uzamivu, ambako wengi hufundisha au kusaidia utafiti, na chuo huwasamehe karo na kuwalipa posho. Hata hapo mambo si mteremko. Aprili 2022 wanafunzi hao waligoma Bloomington wakidai chama chao cha wafanyakazi kitambuliwe, na miongoni mwa malalamiko yao zilikuwa ada wanazotozwa wanafunzi wa kigeni. Chuo hakikukitambua chama, lakini mwaka huo huo kilipandisha kima cha chini cha posho.

Kwa hiyo ninawasihi vijana na wazazi: barua ya kukubaliwa chuoni isiwe sababu ya kuuza shamba. Ulizeni kwanza kwa maandishi ni nani atalipa karo, kwa miaka mingapi, na bima na ada ndogondogo ni za nani. Ulizieni ubalozini masharti ya viza yalivyo sasa, maana hubadilika. Majibu yakiwa kamili, nendeni bila woga, kwani maktaba zile na walimu wale wanastahili safari. Yakiwa nusunusu, subirini mwaka mmoja na muombe tena.