Bei ndogo, duka tupu: somo la miaka ya foleni kwa soko la Kibirizi

Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, bei ya dagaa katika mwalo wa Kibirizi hupanda. Sababu yake kila mchuuzi anaijua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu. Wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa, mzigo unapungua, na sado lililokuwa rahisi wiki iliyopita linakuwa ghali. Wanunuzi hulalamika, lakini hakuna anayelala mwaloni akiwa ameweka jiwe la kumshikia nafasi.

Hapa hapa Kigoma wapo watu wazima ambao waliwahi kulala nje kwa ajili ya kilo moja ya sukari au mche wa sabuni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Bei ya sukari wakati huo ilikuwa ndogo, tena iliandikwa ukutani. Kilichokosekana ni sukari yenyewe.

Tofauti ya uhaba huo wa aina mbili ndiyo mada ya ukurasa huu wiki hii. Si habari ya historia tu. Kila bidhaa inapoadimika, sauti husikika zikitaka bei ipangwe na walanguzi wakamatwe. Mfanyabiashara na mnunuzi wote wanahitaji kujua nini hutokea baada ya hapo.

Biashara ilivyokamatwa

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Serikali ilitaifisha mabenki, na biashara kubwa ya jumla na ya nje ikawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, maarufu kwa jina la STC. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya jumla iligawanywa kwa kampuni za biashara za mikoa, yaani RTC. Kila mkoa, ukiwamo Kigoma, ulipata RTC yake. Mwaka 1973 ilipitishwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ya Taifa ikapewa mamlaka ya kupanga bei. Orodha yake ilifika bidhaa zaidi ya 1,000.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa na nafasi yake kuchukuliwa na maduka ya ushirika ya vijiji. Maduka mengi yalifungwa kabla ya yale mapya kuwa tayari, na baada ya muda mfupi operesheni ilisimamishwa. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa; sheria ya kuvirejesha ilikuja mwaka 1982.

Mapigo mengine yalitoka nje. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita dhidi ya Idi Amin vilianza mwishoni mwa mwaka 1978 na kumeza fedha za kigeni, na Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Viwanda vya nguo, sabuni na sukari vilikosa vipuri na malighafi, na vingi vikafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake.

Kwa hiyo bidhaa zilipungua kweli. Hilo halikuwa kosa la bei peke yake. Swali ni kwa nini upungufu huo ulidumu kwa miaka mingi hivyo.

Hesabu ya kilo moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka lina kilo 100 za sukari kwa bei iliyopangwa ya shilingi 10 kwa kilo. Nje wamesimama watu 200, na kila mmoja anataka kilo moja. Mtu wa 100 akishahudumiwa, sukari imekwisha. Miongoni mwa wale 100 waliobaki yuko mama mwenye shilingi 25 mkononi, naye yuko tayari kuzitoa zote. Yeyote aliyepata kilo kwa shilingi 10 anaweza kumuuzia kwa 25.

Shilingi 15 za katikati ndizo chakula cha ulanguzi. Ziangalie zinakwenda wapi. Haziendi kwa mkulima wa miwa wala kiwandani kununua kipuri, na hazina ya Serikali haipati kodi yoyote humo. Zinabaki kwa mwenye kibali, mwenye ufunguo wa ghala, au aliyewahi foleni kwa sababu hana kazi nyingine. Kiwanda kinaendelea kulipwa kwa hesabu ya shilingi 10, na kwa hiyo hakina sababu wala uwezo wa kuongeza uzalishaji. Mwezi ujao kilo zinakuwa 90.

Sasa rudi kwa dagaa. Mwezi ukiwa mpevu bei inapanda, lakini fedha ya nyongeza inaingia mfukoni mwa mvuvi na mchuuzi. Mvuvi anapata nguvu ya kununua mafuta ya mashine na kwenda mbali zaidi. Mchuuzi mwenye shehena kavu aliyoihifadhi anaitoa sokoni. Bei ya juu inaleta mzigo, na mzigo unaishusha bei. Bei ile ya ukutani haikuwa na njia ya kuleta mzigo wowote.

Malipo yasiyo ya fedha

Bei ndogo haikuondoa gharama. Ilizibadilisha sura tu, na mnunuzi alilipa kwa njia tatu nyingine.

Kwanza, muda. Mtu alipoteza siku nzima kwenye foleni, na mara nyingine alijiunga nayo bila kujua kinachouzwa. Fundi aliyesimama tangu alfajiri hadi saa nane mchana alikuwa amelipia sabuni yake kwa ujira wa siku.

Pili, kujuana. Mgawo ulipita kwenye maduka ya ushirika na maduka ya kaya, na orodha za kaya zilipita kwa balozi wa nyumba kumi. Mwenye harusi au msiba aliomba kibali cha sukari. Aliyefahamiana na mtu wa RTC aliuziwa mlango wa nyuma, na asiyemjua mtu aliambiwa mzigo umekwisha. Palikuwa pia na kuuza kwa masharti: ukitaka sukari, uchukue na kitu ambacho hukukihitaji na ambacho kilikuwa kimekaa rafuni bila mnunuzi.

Tatu, hofu. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maduka na nyumba vilipekuliwa, watu wengi walikamatwa, na sheria maalumu ilipitishwa mwaka huo huo kuunda baraza la kuwahukumu. Wapo waliotupa bidhaa maporomani na majini usiku ili wasikutwe nazo. Wananchi wengi walifurahi kuona maghala ya siri yakifunguliwa, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini mzigo uliokamatwa uliuzwa mara moja tu. Baada ya hapo mfanyabiashara mwoga hakuagiza tena, na maduka yakawa matupu kuliko awali.

Kigoma ilivyojiokoa

Kwa chakula mkoa huu ulikuwa na nafuu. Wakati miji mingine ilipokula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, uliobandikwa jina la unga wa Yanga, Kigoma ilikuwa na muhogo wake, dagaa na migebuka ya ziwani, mawese ya mashambani na chumvi ya Uvinza. Sabuni ilipokosekana, mawese na majivu vilirudi kazini.

Shida ilikuwa kwenye vitu vya viwandani, tena bila hivyo hata neema ya ziwa haivuliki. Karabai haiwaki bila mafuta ya taa na utambi wake, na mvuvi hawezi kutupa wavu asiokuwa nao. Kijiji kilichoko ufukweni kingeweza kukosa kitoweo kwa sababu lita chache za mafuta ya taa hazikufika. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Kigoma ndiyo mwisho wa reli. Mgawo ulioanzia Dar es Salaam ulikuwa na zaidi ya kilometa 1,200 za kupungua njiani.

Ng'ambo ya maji na mpaka palikuwa na bidhaa. Mtumbwi uliotoka pwani hii kwenda Burundi au Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, haukuhitaji reli. Vitenge, sabuni na vitu vya dukani vilivuka kuja huku, na mazao yetu yakavuka kwenda kule. Sheria iliita magendo. Kwa lugha ya soko, bidhaa zilifuata bei. Shilingi nayo ilikuwa kwenye hali hiyo hiyo: mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilihesabiwa rasmi kwa takriban shilingi 17, lakini mitaani iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 100. Mkulima aliyeuza kahawa yake kwa njia halali alilipwa kwa hesabu ile ya kwanza, kisha akatakiwa kununua nguo kwa hesabu ya pili.

Si Tanzania peke yake

Umoja wa Kisovieti ulikuwa na viwanda vikubwa, reli ndefu na mafuta yake wenyewe, lakini foleni zilikuwa zile zile. Bei ya nyama na mkate ilipangwa na serikali na kukaa miaka mingi bila kuguswa, na watu wakapata mahitaji kwa kujuana. Julai 1989 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Siberia waligoma, na moja ya madai yao ilikuwa sabuni ya kuogea baada ya kazi. Nchi iliyorusha watu angani ilishindwa kumfikishia mchimbaji kipande cha sabuni, hali wanawake wa vijiji vya Kigoma walikuwa wakiipika kwa mawese. Urusi iliachia bei nyingi tarehe 2 Januari 1992. Maduka yalianza kujaa, lakini akiba za wazee zikayeyuka kwa mfumuko wa bei.

Kwetu mlango ulifunguliwa taratibu zaidi. Bajeti ya Juni 1984 iliruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo wamezipata wapi. Mitumba, sabuni, betri na vipuri vilianza kuonekana. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985, aliendeleza njia hiyo hadi akaitwa Mzee Ruksa. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa hadi 40 kwa dola, na orodha ya bidhaa zenye bei ya kupangwa ikafupishwa mwaka hadi mwaka.

Haifai kusahau upande wa pili. Ruzuku ya unga wa sembe iliondolewa mwaka ule ule wa 1984, na mshahara haukukimbia sawa na bei. Rafu zilijaa, lakini wengi waliziangalia tu. Foleni ilimnyima maskini bidhaa kwa kukosa mtu wa kujuana naye. Soko huria linaweza kumnyima kwa kukosa fedha. Anayemwonea huruma anapaswa kumwongezea kipato au kumpa msaada wa moja kwa moja. Kupanga bei ya duka zima kunamnufaisha kwanza mwenye ufunguo wa ghala.

Miaka ya karibuni

Mapema mwaka 2024 mvua kubwa zilizuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika nchini. Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo, lakini katika maduka mengi sukari iliuzwa juu ya bei hiyo. Walioonekana kuipandisha bei walilaumiwa, kama zamani. Dawa halisi ilikuwa sukari kutoka nje na miwa kuanza kuvunwa tena.

Mwaka huo huo, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Huo nao ulikuwa uhaba, lakini tarehe zake zilijulikana mapema. Mchuuzi mwenye mtaji aliweza kuanika na kuweka akiba kabla ya siku ya kufunga. Angetishwa kwamba akiba hiyo ni kuficha bidhaa, asingeiweka, na Juni isingekuwa na dagaa hata wa bei mbaya.

Si kila bei ya kupangwa huleta foleni. Tangu mwaka 2009 EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta ya petroli, na kwa kawaida pampu zina mafuta, kwa sababu bei hiyo hubadilishwa mara kwa mara kufuata gharama za kuagiza. Bei inayohatarisha soko ni ile inayogandishwa wakati gharama zinasonga.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kibirizi akisikia bei ya bidhaa yake imepangwa, ajiulize mambo matatu kabla ya kutoa mtaji. Je, bei hiyo inalipa gharama ya kuufikisha mzigo Kigoma, mwisho wa reli, au imehesabiwa kwa Dar es Salaam? Je, inarekebishwa gharama zikibadilika? Na je, kuweka akiba kunahesabiwa kuwa biashara au uhujumu? Majibu yakiwa mabaya, atarajie rafu tupu hata kama bei ukutani inapendeza.

Mnunuzi naye anapoona dagaa wamepanda wakati wa mbalamwezi, ana haki ya kunung'unika. Lakini aangalie kama wapo mezani. Wakiwapo, giza likirudi bei itashuka.