Tuandike Majina Kabla Hayajapotea

Wauguzi wengi wa Tanzania wamewahi kufanya kazi katika jengo la Sewahaji pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wasiohesabika wamelazwa humo. Lakini ukiuliza Sewahaji alikuwa nani, ni wachache watakaokujibu.

Jibu liko Bagamoyo, mji mdogo wa pwani, kilomita kama 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa mji huo, mwenye asili ya Kihindi, aliyepata utajiri kwa kuuzia bidhaa misafara iliyokwenda bara. Kabla ya kufariki mwaka 1897 aliujengea mji shule ya watoto wa rangi zote, na akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Jina lake tunalisoma ukutani. Habari zake tunazo kwa sababu wapo watu waliozitunza.

Kutunza habari za watu wa mahali ndiyo kazi ya makumbusho ya mji mdogo. Akina mama wenzetu, kazi hiyo si ya wasomi peke yao. Inatuhusu.

Nyumba ya masista

Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Makumbusho ya misheni hiyo yamo katika nyumba iliyojengwa mwaka 1876 kwa ajili ya masista, Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, muda mfupi baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani kwao, na lilipokea pia wanawake waliokuwa wametoka utumwani. Hebu tafakari, mpendwa msomaji: miongoni mwa waliokuja kuwalea watoto waliokombolewa utumwani walikuwamo wa shirika lililoijua minyororo kwa karibu.

Ndani ya nyumba hiyo mgeni huona picha za zamani na minyororo ya watumwa. Nje, kwenye uwanja wa misheni, upo mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka 1868, na katika shina lake kimejitokeza kipande cha mnyororo. Mgeni asiyeelezwa ataapa kwamba hapo walifungwa watumwa. Kumbe sivyo! Husimuliwa kwamba Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa katika zahanati Unguja na baadaye Bagamoyo, aliuzungusha mnyororo huo shinani ili amfunge punda wake. Mti uliendelea kunenepa hadi ukaumeza.

Minyororo yote ni ya chuma, na kwa macho hufanana. Mmoja ulimfunga binadamu mwenzetu, mwingine ulifunga punda wa mama aliyetibu watu. Anayetutofautishia ni yule tu aliyesikia habari zake na kuzipokeza kwa mwingine.

Ambao hawakuandikwa

Mwezi wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulifikishwa Bagamoyo na watumishi wake, baada ya safari ya miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wengi tunawajua Chuma na Susi. Je, tunamjua Halima? Alikuwa mpishi wa Livingstone. Je, tunamjua Ntaoeka? Naye alikuwa mwanamke katika msafara huo. Tunawafahamu kwa kuwa Livingstone aliwataja katika daftari lake. Wanawake wengine wengi walitembea njia ya misafara, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, kilomita zipatazo 1,200. Walibeba mizigo, walipika, walijifungua njiani. Hakuna aliyeandika majina yao.

Fikirini pia wale watoto waliokombolewa. Walipobatizwa walipewa majina mapya. Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo angewezaje kutaja kijiji chake au jina la nyanya yake? Hapo ukoo mzima ulikatika. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, lakini hawa hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa.

Sisi hatujanyang'anywa. Tunatupa wenyewe.

Mali bila daftari

Sisi tunaoingia majumbani kuhudumia wagonjwa tumeliona hili mara nyingi. Bibi amefariki. Msiba ukimalizika, khanga zinagawanywa, na vile vinavyoitwa takataka vinachomwa: barua, vyeti, kadi za kliniki za watoto, picha. Picha zikisalia, baada ya miaka kumi hakuna awezaye kusema huyu aliyesimama kushoto ni nani.

Mali bila daftari huisha bila habari. Makumbusho yoyote, hata ya chumba kimoja, huanza na daftari. Kila kitu kinachopokelewa hupewa namba, kisha huandikwa ni nini, nani amekileta, lini, nani alikitumia na kwa kazi gani, na kama kimetolewa moja kwa moja au kwa kuazimwa. Kitu kisichoandikwa ni kama mgonjwa aliyefika wodini bila kadi na asiyeweza kusema.

Watu wanne au watano wa parokia au kijiji wanaweza kuanza: mzee anayekumbuka, mama anayejulikana katika kila nyumba, mwalimu, na kijana mwenye mwandiko mzuri. Kabati moja lenye kufuli katika ukumbi wa kanisa au ofisi ya shule latosha. Na nyumbani tufanye haya:

– Tuandike nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina, mahali, mwaka. Wino wa kalamu huweza kupenya na kuiharibu.

– Tusiweke karatasi na picha sakafuni au penye unyevu. Tuzikague mara kwa mara, maana mchwa hawapigi hodi.

– Tusisugue vyombo vya zamani kwa mchanga au jivu ili ving'ae. Alama za matumizi ni sehemu ya habari zake.

– Tuwaulize wazee wakiwa wazima, tukianza na akina bibi: nani alikuwa mkunga kijijini, njaa ilipoingia walikula nini, kanisa la kwanza lilijengwa na akina nani.

Waisraeli walipovuka Yordani waliagizwa kuchukua mawe 12 mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Mawe peke yake hayakutosha. Alihitajika mzazi wa kujibu.

Jumapili hii, baada ya chakula, toeni picha zote mezani. Mkalisheni bibi katikati, na mtoto anayejua kuandika akae karibu naye na penseli.