Maziwa ya ng'ombe: Tuliyoyaona bandani Muheza

Wiki hii tuzungumzie maziwa, kwani wengi bado wanaamini kuwa yakishatoka kwenye kiwele yako tayari kunywewa.

Mkoani Tanga maziwa mengi hutoka kwa familia zenye ng'ombe wachache. Familia moja ya Muheza, yenye ng'ombe wanne, iliwakaribisha akina mama wa madrasa na kuwatembeza bandani. Nami nilifuatana nao. Baba hukata majani, mkewe hukamua, vijana hupeleka maziwa kituoni.

Bi mkubwa alinawa mikono kwa sabuni, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakifuta kwa kitambaa ambacho hakigusi ng'ombe mwingine. Matone ya kwanza hakuyatia ndooni. Aliyakamulia kwenye kikombe cheusi akayatazama. Yakiwa na mabonge au damu, huyo ana ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe aliyechomwa sindano, maziwa yake hayauzwi mpaka zipite siku alizotaja daktari wa mifugo. (Hapo ndipo uaminifu hupimwa, maana hasara ni ya mfugaji na mnunuzi hajui.) Alipomaliza alimwekea majani ili asilale mapema, kwani tundu la chuchu huwa bado wazi.

Hata hivyo, usafi wote huo hauondoi vijidudu vilivyomo mwilini mwa ng'ombe. Bruselosisi humfanya ng'ombe atupe mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. Hufanana na malaria, ndiyo maana mgonjwa humaliza dozi moja baada ya nyingine bila nafuu. Tiba yake ni dawa zaidi ya moja kwa pamoja, kwa wiki 6 au zaidi. Mja mzito anaweza kuharibikiwa mimba. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa.

Mama mmoja aliuliza kuhusu mtindi. Kuganda peke yake si kinga. Chemsha maziwa mpaka yapande, koroga, yaache motoni dakika chache, yapoe, ndipo ugandishe. Wala usiyarudishe kwenye dumu ulilonunulia.

Ng'ombe akitupa mimba, kitoto na kondo visishikwe kwa mikono mitupu wala kutupiwa mbwa. Vifukiwe shimo refu. Na mwenye homa isiyoisha amweleze tabibu kuwa anafuga au hunywa maziwa mabichi, kwani asipoelezwa huenda asiombe kipimo hicho.