Anko ndiye mwalimu: darasa letu la sebuleni Umoja

Kama umewahi kuishi ploti, unajua saa mbili asubuhi hakuna kimya. Jirani wa juu anaburuta mitungi kwa sababu leo ndiyo siku ya maji. Yule wa mlango wa pili amefungulia nyimbo za injili mpaka dirisha linatetemeka. Chini kuna jamaa wa viazi na kipaza sauti chake. Sasa ongeza hapo kijana wa miaka saba, ameketi juu ya mtungi wa lita 20, daftari kwenye meza ya chai, anakuambia, "Anko, naskia njaa." Karibu darasani.

Mwanafunzi ni mpwa wangu. Tunaishi Umoja: mimi, siz na huyu mtoto wake, chumba kimoja cha kulala na sebule. Mwalimu ni mimi. Na kabla hujauliza, hapana, sikusomea ualimu. Sikumaliza kusomea chochote. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliposhindikana. Siku hizi usiku naandika insha za wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Wao wanapata digrii, mimi napata ya stima. Unacheka? Uliza kijana yeyote wa mtaa mwenye kompyuta.

Ilianza vile ilianza kwa kila mtu. Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule. Kaboi alikuwa Gredi ya 1 kwenye akademia fulani hapa karibu, jina niachie. Tulidhani ni mambo ya wiki tatu. Siz huuza nguo za watoto Gikomba, na mwisho wa mwezi huohuo serikali ikapiga marufuku kuingiza mitumba hadi Agosti. Kwa hivyo mtoto yuko nyumbani, biashara imelala, na shule inatuma kazi kwa WhatsApp, picha ishirini za kurasa. Bando ikiisha, masomo yameisha.

Siku moja Aprili nikamwambia anisomee kitabu chake. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa Kizungu kile cha kuimba. Nikafurahi. Halafu, sijui ni nini kilinituma, nikafunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja katikati ya mstari. Kimya. Nikamwonyesha jingine. Akaniangalia, akaangalia kiganja changu, akasema, "Anko, toa mkono nione."

Alikuwa amekariri kitabu kizima. Ripoti ya shule ilisema amefikia matarajio.

Simlaumu mwalimu wake. Ukiwa na darasa limejaa, mtoto anayeimba na wenzake huwezi kumtambua. Lakini siku hiyo nililala vibaya, kwa sababu mimi mwenyewe najua kupita mtihani bila kuelewa ni nini. Ndiyo ilinifikisha chuo.

Tukaanza upya. Wiki mbili za kwanza nilimfundisha kwa Kiingereza, tukagombana bure. Eleza wewe kwa nini o-n-e inasomwa "wan". Kaboi aliuliza na sikuwa na jibu. Nikakumbuka jinsi Shosho alitufundisha sisi shagz: ba, be, bi, bo, bu. Kiswahili hakikudanganyi, herufi inasema kitu kilekile kila mahali. Mtaala wenyewe unaruhusu mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya pale anapoishi, na kwetu mjini hiyo inaweza kuwa Kiswahili. Ni sisi wazazi tunaotaka Kizungu kuanzia siku ya kwanza, na akademia zinatuuzia tunachotaka.

Vitabu vikatushinda kununua, tukasoma mtaa. Kutoka kwetu hadi soko la Mutindwa kuna maandishi ya kutosha mwaka mzima. KINYOZI. MAJI SAFI. HAKUNA KUKOPESHA. Neno la kwanza alilolisoma peke yake, bila mimi kumsukuma, lilikuwa "nyama", kwenye ukuta wa bucha, na alilipigia kelele hadi mwenye bucha akatoka nje. Akahamia meseji za M-Pesa kwa simu ya mamake. Hapo siz akaanza kuificha simu.

Hesabu ilikuwa rahisi zaidi. Unampa hamsini, anaenda kununua mandazi tano za kumi kumi, halafu kesho unamwambia alete tatu, ahesabu chenji. Akikosea, ni chenji ya kweli imepotea. Vipindi vya KICD vya redio na Edu Channel tulijaribu. Vilisaidia kwa nyimbo, basi.

Usidhani ilikuwa raha. Kuna asubuhi nimelala saa kumi usiku nikimalizia insha ya mtu kuhusu historia ya Marekani, na kijana anaandika "b" ikiangalia nyuma kwa mara ya tisa. Nikampigia kelele. Nikamwambia atakuwa mjinga. Hakulia. Aliuliza tu, kwa upole, "Anko, kwani wewe ulifukuzwa shule ama uliacha?" Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi muda mrefu. Kutoka siku hiyo darasa likawa la saa mbili tu, na mwalimu akiwa hajalala, hakuna darasa.

Tarehe 4 Januari 2021 shule zikafunguliwa kwa wote. Sisi hatukurudi. Akademia ilikuwa inadai malimbikizo, siz hakuwa nayo, na kaboi alikuwa anasoma vizuri kuliko alipotoka. Siz akaniuliza, "Utaweza?" Nikasema nitaweza. Ukweli ni kwamba nilipenda kuulizwa. Tangu niache chuo hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo.

Lakini jua pia sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni, na ukikaidi kuna faini au kifungo. Familia zinazosomeshea watoto nyumbani zilienda Mahakama Kuu mwaka 2019 kupinga hilo. Nyingi unazosikia ni za watu wenye bustani na mtaala wa kununua kutoka ng'ambo. Sisi tulikuwa na mtungi. Januari machifu walipoambiwa watafute watoto ambao hawajarudi, kila mlango ukigongwa siz alikuwa ananiangalia.

Chifu hakuja. Kilichotushinda ni viatu.

Mwezi wa tano siz alirudi mapema kutoka Gikomba akamkuta kaboi chumbani peke yake. Alikuwa amepanga viatu vyote vya nyumba kwenye mistari, vyangu nyuma kwa sababu ni virefu, na anavifundisha. Anaviita kwa majina ya watoto wa darasa lake la zamani. Kimoja kilikuwa kimepigwa adhabu, kimeangalia ukuta. Siz hakusema kitu mpaka usiku. Halafu akasema, "Anahitaji watu." Nilibishana. Nilileta hoja zote, hata zile za insha. Yeye ndiye mama.

Baadaye tulienda shule ya msingi ya serikali. Kusoma ni bure tangu 2003, lakini sare, vitabu vya kuandikia na vingine vinakungoja langoni. Mwalimu mkuu akataka cheti cha kuzaliwa na namba ya NEMIS, ambayo bado tulikuwa tunaifuatilia kule kwa zamani. Akauliza, "Mama, huyu mtoto amekuwa wapi tangu Januari?" Siz akasema nyumbani. Mwalimu akanyamaza, akatoa kitabu kwenye kabati, akampa kaboi.

Kaboi akakifungua katikati. Kabla ya kusoma, akaweka kiganja juu ya picha.

Akasoma polepole, akakwama kwa "ng'ombe", akarudia, akaendelea. Mwalimu akamwambia atoe mkono, hakuna anayemkataza kuangalia picha. Akakataa.

"Nani alikuwa anamsomesha?"

Siz akanielekeza kwa kidevu. Mwalimu mkuu akaniuliza nilisomea chuo gani cha ualimu. Nikasema mimi huandika vitu mtandaoni. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui ni nini, akatuambia Gredi ya 2, Jumatatu tarehe 26, saa moja na nusu, na sweta iwe na jina.