Faida ya kwenye kompyuta yaweza kuwa hasara ghalani

MNUNUZI wa mahindi wa Shanwe, kata iliyomo katika Manispaa ya Mpanda, hana tatizo la kukosa takwimu. Anazo daftarini, kwenye karatasi za mizani, kwenye ujumbe wa malipo ya simu na nyingine kichwani mwake. Tatizo ni kwamba takwimu hizo hazikutani mahali pamoja hadi siku mwenye lori anapomtajia bei na kutaka jibu papo hapo. Muda wa kufungua kurasa huwa haupo, na bei hukubaliwa kwa kukisia.

Pengo hilo ndilo linalokusudiwa kuzibwa na programu za kompyuta za kuchora takwimu za biashara. Zinazojulikana zaidi ni Power BI ya Microsoft, iliyoingia sokoni rasmi Julai 2015, na Tableau, iliyotoka katika kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003 na kununuliwa na Salesforce mwaka 2019. Programu hizi hupokea majedwali ya manunuzi, mauzo na gharama, huyaunganisha, kisha huyageuza kuwa michoro. Mtumiaji akibonyeza jina la zao, mwezi au kijiji, michoro yote iliyo kwenye kioo hubadilika kufuata alichochagua.

Kwa Katavi, hiyo si anasa ya watu wa Dar es Salaam. Mkoa huo, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012, ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka 10. Soko la Mpanda leo si lile la enzi za reli ya Kaliua peke yake. Mahindi, mpunga, ufuta, karanga na tumbaku vina wanunuzi wa aina mbalimbali: wasagishaji wa mjini, wafanyabiashara wa mikoa mingine, vyama vya ushirika na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Kadiri milango ya kuuzia inavyoongezeka, ndivyo mfanyabiashara anavyohitaji kujua upesi kila kilo iliyo ghalani imemgharimu kiasi gani.

WASTANI UNAODANGANYA

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara amenunua tani 2 za mahindi kwa shilingi 500 kwa kilo mwanzoni mwa mavuno. Bei ikapanda, naye akanunua tani nyingine 20 kwa shilingi 700. Anaingiza bei hizo mbili kwenye programu na kuomba wastani. Kompyuta inamjibu shilingi 600, kwa sababu imejumlisha bei mbili na kugawa kwa mbili.

Anakuja mteja na shilingi 650. Mchoro unaonyesha faida ya shilingi 50 kwa kila kilo, ambayo kwa kilo 22,000 ni shilingi 1,100,000. Mzigo unapakiwa.

Hesabu sahihi ni nyingine. Tani 2 za kwanza zilimgharimu shilingi milioni 1, na tani 20 za pili shilingi milioni 14. Jumla ni milioni 15 kwa kilo 22,000, sawa na shilingi 682 hivi kwa kilo. Kwa kuuza kwa 650 amepokea shilingi 14,300,000. Amepoteza shilingi 700,000, na hapo hajalipa wapakiaji, magunia wala kodi ya ghala.

Kompyuta haikukosea, bali ilijibu swali iliyoulizwa. Ndiyo maana somo la kwanza katika programu hizi si rangi wala umbo la mchoro, bali ni kuandika kipimo: jumla ya fedha zilizolipwa, gawanya kwa jumla ya kilo zilizonunuliwa. Kipimo hicho kikishaandikwa mara moja, hutumika katika kila mchoro, uwe wa wiki, wa msimu au wa kijiji kimoja.

KAZI KUBWA NI KUSAFISHA

Wengi wanaoanza kujifunza hukata tamaa kabla ya kuufikia mchoro. Hukwama kwenye usafi wa takwimu, na daftari la mnunuzi wa nafaka lina uchafu wa aina tatu.

Wa kwanza ni vipimo. Ukurasa mmoja umeandikwa kwa debe, mwingine kwa gunia, mwingine kwa kilo. Likiwamo gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo hailiruhusu, basi neno "gunia" halina maana moja tena. Dawa ni kugeuza kila kitu kuwa kilo kwa uzito uliosomwa kwenye mizani.

Wa pili ni majina. Kwa kompyuta, "Shanwe", "shanwe sokoni" na "Shanwe" iliyofuatiwa na nafasi tupu vinaweza kuhesabiwa kuwa vituo vitatu tofauti. Manunuzi ya kituo kimoja hugawanyika nguzo tatu fupi, na kituo kinachofanya vizuri kuliko vyote kikaonekana cha mwisho.

Wa tatu, na ulio hatari zaidi, ni tarehe. Karani ameandika 03/07 akimaanisha tarehe 3 Julai. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Kimarekani husoma tarehe 7 Machi. Bei ya chini ya wakati wa mavuno huhamia Machi, mwezi ambao mahindi mapya bado yako shambani. Tarehe kama 25/07 haiwezi kugeuzwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, hivyo hubaki kama maandishi au huleta kosa. Matokeo yake ni jedwali ambalo sehemu moja ni sahihi na nyingine imepotoshwa. Mtu atakayepanga kuuza au kushikilia mzigo kwa kuangalia mchoro wa namna hiyo atakuwa anafuata msimu usiokuwapo.

Power BI ina sehemu maalumu ya kusafisha, iitwayo Power Query. Faida yake ni kwamba hukumbuka hatua zote. Kazi iliyochukua siku nzima mara ya kwanza hujirudia yenyewe wiki inayofuata, mradi karani asibadili vichwa vya safu.

MACHO NAYO HUDANGANYWA

Kuchora bei za nafaka si jambo jipya. Mwaka 1786 William Playfair, Mskoti, alichapisha London kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza, na baadaye alichora bei ya ngano sambamba na ujira wa mafundi. Kilichobadilika ni kasi, na kasi hiyo imefanya iwe rahisi pia kuchora upotofu.

Bei ikitoka shilingi 650 hadi 680, ongezeko halifiki asilimia 5. Lakini mhimili wa mchoro ukianzia 640 badala ya sifuri, nguzo ya pili itaonekana ndefu mara nne kuliko ya kwanza. Mwanachama wa ushirika akionyeshwa mchoro huo mkutanoni ataamini soko limelipuka. Kanuni ni kwamba nguzo zianzie sifuri. Mwenendo wa bei kwa miezi uchorwe kwa mstari. Duara la vipande litumike pale tu vipande ni vichache.

Aidha, mchoro huonyesha bei ilivyokwenda, lakini hauelezi kwa nini. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti siku chache baadaye. Matukio kama hayo hayamo katika daftari la mizani. Mwenye kujifunza afanye mazoea ya kuwa na safu moja ya maelezo, ambamo huandikwa tangazo la serikali, mvua iliyokata njia au mnunuzi mkubwa aliyejitoa. Bila safu hiyo, mporomoko wa bei wa wiki moja utaonekana kama tabia ya msimu.

GHARAMA NA SIRI

Power BI Desktop hupakuliwa bure, lakini hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows tu. Michoro hutengenezwa bila intaneti kutoka katika faili lililomo ndani ya kompyuta, jambo la nafuu pale bando linapokatika. Malipo huanza pale mtu anapotaka kuwashirikisha wenzake mtandaoni, kwani leseni hulipiwa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Duka la mtu mmoja halina haja nayo. Chama chenye vituo kadhaa kipige hesabu kwanza.

Tableau nayo ina toleo la bure liitwalo Tableau Public, lakini jina lake ni onyo tosha. Kazi inayochapishwa humo huonekana na umma. Mwenye ghala akiweka humo bei yake ya kununulia, mshindani ataisoma. Chama kikiweka majina ya wakulima na madeni yao ya pembejeo, kitakuwa kimeingia katika mambo ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina yatolewe, zibaki namba.

PA KUANZIA

Kwa mfanyabiashara wa Shanwe, hatua ya kwanza haihitaji hata programu mpya. Jedwali moja la Excel lenye safu saba latosha: tarehe, kituo, zao, kilo, bei kwa kilo, gharama nyingine na maelezo. Kila ununuzi uwe mstari wake. Jumla zisiandikwe katikati ya jedwali, kwa kuwa programu itazihesabu kama mzigo mwingine.

Baada ya msimu mmoja jedwali hilo liingizwe kwenye Power BI na kuulizwa maswali matatu tu: kilo imenigharimu kiasi gani, kituo gani kinaniletea mzigo wa bei nafuu, na kila wiki ya kushikilia mzigo imeniongezea au imenipunguzia. Bei za jumla za masoko ya mikoa zinazotolewa na Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa gunia la kilo 100, zigawanywe kwa 100 na kuwekwa pembeni kwa kulinganisha.

Mwishowe, kila jibu la kwenye kioo lipimwe kwa karatasi. Chagua siku moja, jumlisha kwa mkono, linganisha. Zikitofautiana, lori lisubiri. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shilingi 700,000 za mfano wetu zilipotea daftari likiwapo na kompyuta ikiwa imewashwa, kwa sababu hakuna aliyelinganisha.