Treni isiyobeba watu wala mawe: inatafuta nini mu reli?

Shiye tunaoishi karibu na njia ya reli tunajua treni kwa mzigo wake. Kuna wago za mawe, wago za mafuta, wago za unga, na mara nyingi watu na mabunda yao juu ya wago. Lakini kuna treni zingine hapa duniani zinapita bila abiria na bila mzigo, na saa yao haiandikwe ku gare. Ukiona moja, usiseme ni tupu. Ile iko ku kazi. Inabeba macho na masikio.

Watu wa mine wataelewa haraka. Kisha baruti kulipuka mu galeri, mutu anashika bare ya chuma na kugonga dari. Dari ikilia kama kengele, jiwe ni zima. Ikitoa sauti nzito ya kitu kilichoachana, lile jiwe linaangushwa kwanza, mbele halijaangukia mutu. Reli nayo inataka kusikilizwa vile vile, juu ya ile ufa inayoua mara nyingi haionekane. Iko ndani ya chuma, na juu reli inang'aa kama mupya.

Amerika walilijua hili kwa uchungu. Tarehe 25 Agosti 1911, karibu na mji wa Manchester, mu jimbo la New York, treni ya abiria ilitoka mu njia pale kwenye daraja. Mabehewa yakaanguka chini, watu 29 wakakufa. Reli ilikuwa imevunjika vipande vipande. Wachunguzi walipoangalia ndani ya chuma wakakuta nyufa za zamani, zilizokomaa kidogo kidogo kila gurudumu lilipopita. Hata fundi mwenye macho makali hangeziona.

Njo maana mutu mumoja anayeitwa Elmer Sperry, fundi aliyejulikana kwa dira za meli, alianza kutafuta njia ya kuona ndani ya reli. Mu 1928 gari lake la kwanza likaanza kazi. Linafanya hivi: linapitisha umeme mwingi mu reli. Reli ikiwa nzima, umeme unapita sawa. Ukikuta ufa, unazunguka pembeni, kama maji yanavyozunguka jiwe mu muto, na chombo chini ya gari kinasikia ile mabadiliko. Baadaye wakaongeza sauti kali isiyosikika kwa sikio la mutu: inaingia mu chuma, na ikigonga ufa inarudi. Ni bare yetu ya galeri, ila imepata elimu.

Sasa, namna gani ya kutambua treni ya aina hii? Alama ni hizi.

Ya kwanza ni rangi. Nyingi ni za manjano, zionekane mbali. Magari ya Sperry ni ya manjano. Uingereza pia wana treni ya manjano ya kupima njia, iliyoanza kazi mu 2003. Miaka mitatu mbele yake, tarehe 17 Oktoba 2000, treni ilianguka Hatfield juu ya reli iliyojaa nyufa, na watu 4 wakakufa.

Ya pili ni tumbo. Angalia chini, kati ya magurudumu. Utaona taa, kamera na vyombo vinavyokaribia kugusa reli. Treni ya mizigo haina kitu kama kile.

Ya tatu ni mwendo. Magari ya kutafuta ufa mara nyingi yanakwenda pole, yanasimama, mutu anashuka kuhakikisha kwa mukono na kuweka alama. Zingine zinakimbia sana, juu zinataka kujua njia inavyotikisika ku mwendo wa kweli. Ufaransa wana IRIS 320: ni TGV iliyogeuzwa kuwa ya kupima, na inapima ikikimbia kilometa 320 kwa saa. Japani wana ile wanaita Doctor Yellow, ni kusema Munganga wa Manjano. Inapima reli na nyaya za umeme mara moja. Kwa sababu saa zake hazitangazwe, watu kule wanasema kuiona ni bahati. Moja kati ya zile mbili za mwisho ilipumzishwa Januari 2025.

Utauliza: basi ile inatuhusu nini shiye ba huku? Inatuhusu sana. Reli ilifika Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, mu 1910. Upana wake ni milimeta 1 067, wakati Ulaya wengi wanatumia 1 435. Kwa hiyo munganga wa manjano wa kule hawezi kushuka tu ku mashua na kupanda reli yetu. Na wagonjwa wako. Mwezi wa Machi 2022, kule Buyofwe, mu teritware ya Lubudi, treni ya mizigo iliyobeba pia watu ilianguka, na zaidi ya watu 60 wakakufa. Hatusemi ufa njo ulileta kifo kile. Tunasema familia zetu zinapanda hizi treni.

Huku tunajua draizini, ile gari ndogo ya watu wa njia, na wale wanaotembea na ufunguo wao kukaza buloni. Ukiwaona, uwapishe na uwape heshima: njo macho tuliyo nayo.

Na shiye wenyewe tuko na macho. Mvua ikiondoa mawe chini ya travese, buloni zikikosekana, reli ikipinda kwa jua kali, tuma mutu ku gare haraka kabla treni haijafika. Tena, bandugu wachimbaji, tusifuate mushipa wa mawe mpaka chini ya reli. Anayechimba pale leo anaondoa udongo unaobeba treni, na kesho mu ile treni atakuwa mama yake na gunia la unga.